Shimo la Kona ya Juu

Kitengela,
Alhamisi, 8 Februari 2024

Mama Nashipae, rafiki yangu, supa oleng,

Barua hii anakuletea Nashipae mwenyewe. Nimeifunga na gundi kwa sababu najua macho ya wasichana, hata wakiwa walimu wa nasari. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuita mpaka wapangaji wakatoka nje kuangalia ni nani amekufa, na wewe huko Kajiado ulikuwa unasema tu, "Haloo, haloo, mbona uko mbali?" Masikio yamekataa, lakini Bwana amekuachia macho. Na tangu umalize lile darasa la watu wazima kanisani kwenu, unaandika vizuri kuliko mimi niliyetolewa darasa la nane.

Sisi ni wazima. Mzee wangu Ouko bado yuko Magadi kwa kiwanda cha chumvi ya ziwani, lile joto linamkausha kama samaki wa omena. Desemba anastaafu na nyumba ya kampuni anaiacha pamoja na ufunguo. Kwa hivyo unaelewa vile ninavyoziangalia hizi nyumba kumi tulizojenga kwa shamba mlilotuuzia. Tukizeeka, hizo ndizo zitatulisha. Hatuna kitu kingine.

Sasa sikiza shida yangu. Nilipoanza nilifikiri kupangisha nyumba ni kukaa kwa kiti na kungoja tarehe tano. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi yenyewe ni choo. Shimo letu la maji machafu liko chini karibu na geti, na huko ni ule udongo mweusi. Udongo huo haunywi maji. Shimo linajaa kila wiki tatu, naita lori la kunyonya, linanyonya, na kabla sijakunja risiti limejaa tena. Caro wa namba sita anatupa nepi za mtoto ndani ya choo. Nikimuuliza ananiambia, "Mama Melvin, si ni choo? Ulitaka nitupe kwa sufuria?" Juzi maji yalitoka juu yakafika mlangoni kwake, mtoto wake akateleza akaanguka ndani. Jirani akaniripoti. Bwana afya akaja na karatasi: siku sitini, shimo jipya, ama wapangaji wote watoke na nyumba zifungwe.

Nimelia, nimeomba, na Mungu amenijibu. Fundi Morgan amezunguka ploti yote akipima na nondo. Anasema udongo mzuri uko juu tu, pale chini ya namba tisa na kumi, ambapo tumeshajenga, na kwa ile kona ya oltepesi, ule mgunga wenu mkubwa. Kona iko wazi. Nimepanda mboga za sukuma tu hapo. Basi shimo litakaa hapo.

Furahi na mimi, na uniwekee kwa maombi. Nashipae namba tatu anaishi vizuri, nyumba yake inang'aa, kodi analipa kabla sijamkumbusha.

Wako katika Bwana,
Wilkister Ajwang (Mama Melvin)


Kajiado,
Jumapili, 11 Februari 2024

Mama Melvin,

Ipa. Barua imefika. Nimesoma pole pole na miwani.

Sisi wazima. Lemein alipeleka ng'ombe upande wa Isinya kutafuta majani, wamerudi wembamba lakini wamerudi. Pole kwa mambo ya choo na huyo mtoto aliyeanguka.

Lakini hiyo kona ya juu usichimbe. Hapo kuna mwamba. Tuliishi hapo miaka mingi kabla tuhamie huku, najua. Utaharibu pesa bure. Chimba chini kwa geti, ama mahali pengine.

Na huo mti uache.

Mungu akulinde.
Elizabeth


Kitengela,
Alhamisi, 22 Februari 2024

Mama Nashipae mpendwa,

Nimecheka na barua yako. Mwamba! Nilimwita Morgan nikamsomea. Akachukua nondo na nyundo, akaenda kwa kona, akaipiga mpaka ikaingia yote, urefu wa mtu. Akasema, "Mama, huyo rafiki yako amesahau. Hapa ni murram safi, kama keki." Akamwaga ndoo mbili za maji pale. Zilinywewa tukiangalia. Nikainua mikono nikamshukuru Mungu palepale katikati ya sukuma.

Kwa geti haiwezekani. Jirani ana kisima hapo ng'ambo ya ukuta, na bwana afya amekataa shimo lingine karibu nacho. Ni haki yake, hata mimi singetaka kunywa chai ya maji hayo.

Mti ndio itabidi utoke. Morgan anasema mizizi yake itapasua ukuta wa shimo. Najua wewe ni mtu wa miti, usinikasirikie. Nitapanda mingine miwili mbele ya geti, ile ya maua.

Ouko alikuja wikendi iliyopita. Gari liliwaharibikia Kona Baridi, akafika akiwa amevaa blanketi la mtu mwingine. Amekubali mpango. Alikaa kwa ngazi ya namba kumi jioni yote akihesabu milango na kidole. Akaniambia, "Mama Melvin, nimevuta chumvi ya lile ziwa miaka ishirini na sita kwa sababu ya milango hii kumi." Mtu wangu hasemi maneno kama hayo. Nilijifanya natafuta kijiko ili asione uso wangu.

Nijibu haraka. Morgan yuko na kazi zingine, lazima nimpe siku.

Wako,
Wilkister


Kajiado,
Jumapili, 3 Machi 2024

Mama Melvin,

Nakuomba usikate huo mti na usichimbe hapo.

Niko na mtamba mmoja mzuri, mwekundu, mamake ana maziwa mengi. Nitakupa. Wewe uniachie hiyo kona. Si ploti yote. Hatua kumi huku na kumi huku, basi. Nimeongea na Lemein, ataleta mtamba Jumamosi.

Usiniulize kwa nini. Kama ni kweli tuliomba pamoja miaka hii yote, usiniulize.

Elizabeth


Kitengela,
Alhamisi, 14 Machi 2024

Mama Nashipae,

Leo sianzi na supa.

Jumamosi nilikuwa nafua. Nikasikia kelele kwa geti, nikafikiri ni lori la kunyonya. Kumbe ni Lemein wako, na shuka na simu mbili, amevuta ng'ombe kutoka kwa pikapu na kuifunga kwa chuma cha geti langu. Wapangaji wote wamesimama na simu juu wakipiga picha. Caro akaita mbele ya watu, "Mama Melvin, siku hizi mnachukua deposit ya ng'ombe? Basi mimi nitaleta kuku!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lemein akaniambia, "Mama amesema hii ni ya kona." Nikamuuliza kona ina nini. Akasema, "Sijui, mama. Mimi nimetumwa tu." Hata macho hakuniangalia.

Elizabeth, mimi si mtoto. Kila mtu hapa ameona vile inavyofanyika. Mzee anauza shamba, anakufa, halafu watoto wanarudi. Kwanza wanataka kamti. Kisha kanjia. Kisha wanakuja na vijana na rungu. Mama mmoja wa kanisa letu alilala kwake na kuamka akiwa na ukuta ndani ya ua wake. Marehemu baba Lemein alituuzia shamba lote mwaka wa 2012, wewe ukiwa umesimama hapo. Tulipima na kamba. Ulitupikia chai. Hati imetoka kwa jina la Ouko, na iko kwa Sacco kwa sababu ya mkopo. Hakuna mahali imeandikwa kona ni yenu.

Nilipiga simu Magadi. Ouko akasema, "Nilijua siku moja watakuja. Sikujua watamtuma rafiki yako."

Mtamba nimemrudisha, Lemein atakuambia. Alikula sukuma zangu mistari miwili na sikumdai Lemein kitu. Siku sitini zangu karibu ziishe. Shimo linaanza Jumanne, tarehe 26. Kama watoto wako wako na kesi, waende kwa chifu mchana kama watu.

Mwaka ule nilipofanyiwa upasuaji, ulilala kwa sakafu ya hospitali chini ya kitanda changu siku nne. Sijui wewe uliyekuja juzi kwa mguu wa ng'ombe ni nani.

Nashipae sijamwambia kitu. Ni mpangaji mzuri na sina neno naye.

W. Ajwang


Kajiado,
Jumamosi, 23 Machi 2024

Wilkister,

Hii nitaandika mara moja tu. Baada ya kusoma, ichome.

Kwetu mtu akienda, hatumtaji. Jina lake linakaa kimya. Hata kama kuna mtu mwingine au kitu chenye jina hilo, tunatafuta njia ya kuzunguka. Wewe kwenu mnaita wafu, mnapea watoto majina yao, mnawaimbia. Nimekuwa kwa matanga yenu, nimeona. Kwetu si hivyo. Ndiyo maana sikusema. Si kwa sababu nakuficha shamba.

Kwa hiyo kona, chini ya mti, kuna msichana wangu.

Alikuwa na miezi kumi na moja. Ilikuwa ule mwaka wa kiangazi, 2000. Ng'ombe walikuwa wanakufa, maziwa hakuna, akaanza kuhara, siku tatu. Zamani wazee hawakuzika mtoto. Walimlaza porini. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka, nikashika miguu ya baba yao, nikamwambia huyu usimpeleke porini. Yeye hakuwa ameokoka bado. Wazee walimkataza. Alichimba usiku peke yake na jembe. Akaweka mawe juu, mawe mengi, ndiyo fisi asimtoe. Asubuhi akaenda na ng'ombe. Hatukuongea juu yake mpaka siku yake ya kwenda. Miaka kumi na minane tulilala nyumba moja na hatukuongea.

Siku ya kupima kamba, sikuulizwa kama nataka kuuza. Ng'ombe walikuwa wameisha tena, Lemein alikuwa anataka karo. Nilikuwa kwa moto napika hiyo chai unasema. Niliona kamba ikipita kwa ule mti. Baba yao akaangalia chini, akaendelea kuhesabu. Nami nikamwaga chai kwa vikombe.

Ulipojenga nyumba zote bila kugusa kona nikashukuru. Ulipopanda sukuma pale nikashukuru zaidi, kwa sababu ulikuwa unamwagilia maji. Nikija kukutembelea, nakuambia naenda kuchuma mboga. Ulikuwa unanicheka kwamba nachelewa kwa mboga.

Lemein alikuwa kwa nyanya yake, hakumbuki. Nashipae alizaliwa mwaka uliofuata. Tulimwita hivyo kwa sababu ya furaha. Hajui alikuja baada ya nani.

Mimi sitaki ploti yako. Jenga hata ghorofa. Nilikuwa nataka tu choo cha watu kisiwe juu yake.

Elizabeth


Kitengela,
Alhamisi, 28 Machi 2024

Mama Nashipae,

Nimeanza barua hii mara nne. Kesho ni Ijumaa Kuu na siwezi kwenda kanisani kabla nikuambie. Kwa hivyo nitasema bila kuzunguka, na wewe utaamua kama mimi bado ni mtu kwako.

Barua yako ilinifikia Jumapili jioni. Shimo lilianza Jumamosi.

Nilikuambia Jumanne, na nilikuwa namaanisha Jumanne. Lakini Jumamosi asubuhi kulikuwa na mawingu, Morgan akapiga simu akisema mvua ikianza hatutachimba tena mpaka Juni. Nikasema njoo. Wewe ulikuwa Kajiado unaandika, na mimi hapa nikiwaonyesha pa kuanzia.

Walichimba karibu na mti, kwa upande wa ukuta. Walipofika kiunoni, jembe likagonga jiwe. Morgan akapangusa na mkono. Akaniita. Akasema, "Mama Melvin, mawe haya hayajaanguka. Yamepangwa. Kuna mtu aliyapanga." Akatoka nje ya shimo, akavua kofia.

Elizabeth, mimi nilijua. Sikujua ni nani, lakini hakuna Mjaluo asiyejua maana ya mawe yaliyopangwa chini ya ardhi. Na nilijua sasa ni kwa nini uliniletea mtamba. Nilisimama pale nikajua yote kwa dakika moja. Kisha nikafikiria bwana afya. Nikamfikiria Ouko na kidole chake kwa milango. Nikamwambia Morgan, "Ni ya boma la ng'ombe la zamani hayo. Endelea."

Akakataa. Nikamwambia sitamlipa. Nikaingia mimi mwenyewe na gauni langu, nikatoa ya juu kwa mikono yangu. Kumi na saba. Nayajua kwa hesabu kwa sababu nimeyabeba mara mbili. Chini yake kulikuwa na mengine, yamebanana vizuri, nikanyoosha mkono kushika la kwanza, na mvua ikanyesha. Ilinyesha kama imetumwa. Tukakimbia sote.

Ya chini hayakuguswa. Naapa mbele za Mungu, mtoto hakuguswa.

Lakini kuna jambo ni lazima ulisikie. Mvua hiyo ilifurisha lile shimo la zamani. Maji machafu yakajaa uani, watu hawawezi kufika milangoni. Nikayachukua yale mawe kumi na saba nikayapanga kutoka kwa geti mpaka mlangoni kwa Caro, ili watu wakanyage. Jumamosi jioni na Jumapili yote watu walipita juu yake na viatu. Nashipae pia alipita. Aliponiletea barua yako alikuwa amesimama juu ya moja, akiruka mguu huu na huu, akacheka, "Mama Melvin, hii ndiyo bahari yetu."

Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikatoka nje nikaanza kuyatoa matopeni. Wapangaji waliona nimeingiwa na wazimu. Caro akasema, "Sasa tutapitia wapi?" Nikashika jiwe lingine. Akaniangalia uso, akaweka mtoto wake ndani akaja akashika jiwe upande mmoja. Huyo msichana wa nepi. Niliyaosha moja moja na maji ya tangi na sabuni. Nikayarudisha Jumatatu asubuhi nikiwa peke yangu, nikijaribu kukumbuka lipi lilikuwa wapi. Sikukumbuka yote. Nisamehe kwa hilo pia. Kisha Morgan akafukia mpaka juu. Hakuchukua malipo.

Mti uko.

Nilimpigia Ouko. Nikamweleza yote. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Wewe mwenyewe uliingia?" Nikasema ndiyo. Akakata. Usiku akapiga tena akasema tubomoe namba tisa na kumi, shimo likae hapo. Nikamwambia, baba, hizo ni nyumba mbili, na Sacco bado inatudai miaka mitatu, na Desemba unastaafu. Akasema, "Nitaomba mkataba wa mwaka mmoja zaidi. Waniweke hata kwa geti." Mtu wa miaka hamsini na tisa, mama, na kile kifua chake. Nimekubali kwa sababu sina mdomo wa kukataa.

Bwana afya ametuongezea siku thelathini.

Niko na swali. Sisi mtu halazwi bila jina. Nataka kumwambia Morgan atengeneze kasaruji kadogo, tuandike. Aliitwa nani?

Barua yako nimeichoma vile ulivyosema.

Mimi niliyekukosea,
Wilkister


Kajiado,
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Wilkister,

Nimesoma mara tatu. Mahali pa viatu nilitoka nje.

Umeniuliza kama wewe ni mtu kwangu. Sijui kusema nimesamehe. Mdomo unaweza kusema leo lakini mimi nataka kusema siku itakuwa kweli. Ninaomba. Kwa maombi ninakutaja wewe wa kwanza, kabla ya watoto, kwa sababu ndiyo kazi ngumu na asubuhi bado niko na nguvu.

Kwa Ouko nasema ashe oleng, asante sana. Mwambie hivyo.

Jina usiandike. Saruji pia usiweke. Uache sukuma.

Nitakuja shule zikifungwa. Nitamwambia Nashipae mimi mwenyewe, usimwambie.

Elizabeth


Kitengela,
Alhamisi, 16 Mei 2024

Mama Nashipae mpendwa,

Sijaandika tangu ulipokuja, na hata ulipokuwa hapa hatukuongea mengi. Nilikuwa naogopa kila neno. Ulikula, hiyo nilihesabu kama jibu.

Sasa nikupe habari za ploti. Namba tisa na kumi zilibomolewa siku mbili. Mabati nimeuza, mawe ya ukuta yamejenga shimo. Wapangaji wao waliondoka vizuri, mmoja alitaka nimlipie gari la kuhama na nikalipa. Mvua ya mwezi huu umeiona, daraja la huku chini watu walivuka na trekta. Lakini shimo jipya linakunywa. Bwana afya alikuja akasimama juu ya mfuniko, akanusa, akatia sahihi. Caro sasa anatupa nepi kwa pipa. Hakuna aliyemwambia.

Nyumba zimebaki nane, na Ouko amepewa mwaka mmoja zaidi. Si kwa mashine, ni kwa stoo, anaandika nani amechukua glavu. Anasema joto la stoo ni lilelile. Alikuja wiki jana, na kabla ya kuvua viatu alienda juu kwa kona, akasimama huko na kofia mkononi. Aliporudi akaomba uji.

Shida iliyobaki ni namba nane. Sasa ndiyo ya mwisho, imepakana na shimo upande mmoja na kona upande mwingine. Watu wanakuja kuiona, wanaona mfuniko wa shimo, wanasema watanipigia. Iko wazi tangu Aprili. Nilikuwa nimeanza kufikiria kupunguza kodi, na Sacco hawajui neno kupunguza.

Jumatatu Nashipae amerudi kutoka kwako shule zilipofunguliwa. Macho yalikuwa yamevimba lakini amenisalimia kama kawaida. Jioni akabisha. Akasema, "Mama Melvin, nataka kuhamia nane." Nikamwambia, mwanangu, tatu ni nzuri, iko na jua, nane ina harufu kukiwa na joto. Akasema, "Najua. Dirisha la nane linaangalia huko." Nikasema basi nitakupunguzia kodi kidogo. Akakataa, akasema kama mwalimu anayemrudi mtoto, "Hapana. Nitalipa kama kila mtu. Namba tatu itapata mtu kesho." Na kweli, imepata mtu kesho yake. Sasa nyumba zangu zote nane zina watu, mara ya kwanza tangu Aprili. Asubuhi kabla aende nasari namwona na kikopo, anamwagilia zile mboga. Anazimwagilia kupita kiasi, zitaoza, lakini nimenyamaza.

Neno moja nimebaki nalo na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile ulipokuja, uliniambia tuende pamoja kwa kona. Nilisimama nyuma yako. Ulikaa chini matopeni na leso yako nzuri, ukaweka mkono kwa udongo. Kisha nikaona bega lako limeinuka vile mtu anavyovuta pumzi akitaka kusema kitu. Nikajua utakachosema. Mimi niliyekuwa nimekuuliza jina lake kwa barua, niliyetaka kuliandika kwa saruji, nikaona kama nitasimama hapo nitalipata bila kupewa. Nilikuwa nimeshachukua vya kutosha hapo.

Ulipogeuka hukuniona, ukafikiri nimechoka nikaenda zangu. Nashipae ameniambia ulihuzunika. Sikwenda mbali. Nilikimbia kwa tangi nikafungua bomba lote, nikaweka karai ya bati chini yake ndiyo ipige kelele, nikaimba kwa sauti, vibaya, mpaka Caro akatoka kuniangalia. Maji mengi yalimwagika bure siku hiyo.

Nilitaka tu ujue, dada. Sikusikia.

Wilkister